Hofu kama moto wa makumbi: namna ya kupiga filamu ya mzuka katika nyumba iliyozingirwa na maji

Kifuu ukikitia motoni hulipuka, hutoa mwali mrefu, na muda si muda ni majivu. Makumbi hayana mwali. Hufuka usiku kucha, na aliyelala karibu hutambua asubuhi kwamba nguo zake zote zanuka moshi. Filamu nyingi za kutisha zinazopigwa huku Pwani ni za kifuu: dakika ya tatu mwanamke mwenye kwato keshaonekana, dakika ya tano watu wanapiga mayowe, na mtazamaji anacheka huku akimtumia mwenzake kipande kwa WhatsApp. Haya yanayofuata ni ya filamu ya makumbi. Vipimo vyake: dakika 25, waigizaji watatu, wafanyakazi tisa, nyumba moja kando ya hori, na siku nane za kazi, nyingi zikiwa za usiku.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Neema, msichana wa Nakuru, ameajiriwa kulinda nyumba ya mawe iliyofungwa, nyuma ya mikoko, upande wa hori ya Mtwapa. Mzee Shee, mvuvi, humletea chakula kwa mtumbwi. Nyumba ina kisima. Basi.

Kwa nini haondoki?

Hili ndilo swali la kwanza la mtazamaji wa Mombasa, na asipojibiwa mapema hataogopa kitu. Kwa nini asiite boda akaenda zake? Usimjibu kwa simu iliyoisha chaji, hilo limechakaa. Acha simu ifanye kazi. Neema ampigie mwajiri, mwajiri aseme mshahara ni mwisho wa mwezi, na kama ataondoka leo hana chake. Simu inayoshika mtandao vizuri na bado haikusaidii inatisha kuliko simu iliyozimika.

Jibu la pili ni maji. Njia ya kuingia kwenye nyumba ipite kwenye tope la mikoko, na bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likijaa ifunikwe. Mzee Shee atamke mara moja tu, dakika ya pili: "Ndia hii maji yakijaa haipitiki, mwanangu." Baada ya hapo usilitaje tena. Onyesha maji.

Kisha amua kiumbe chako ni nini. Watu wa huku hawachanganyi: jini ana maisha yake, ana dini, anaoa na kuolewa, koma ni roho ya mzee wa ukoo anayetaka haki yake, mzuka ni aliyekufa anayeonekana. Ukimfanya jini atende kama mzuka, bibi mmoja sebuleni atasema "hawa hawajui", na umempoteza yeye na wajukuu zake wote. Andika kanuni tatu za kiumbe wako kwenye karatasi na uibandike ukutani kambini. Zetu: ni mwanamke aliyefia kisimani; hawezi kuvuka kizingiti mpaka aitikiwe; kila alipopita huacha maji ya chumvi, ingawa kisima ni cha maji baridi. Hakuna mhusika atakayezieleza kanuni hizo kwa mdomo. Ila wafanyakazi wasizivunje hata kwa shoti moja, maana mtazamaji huhisi kanuni kabla hajaijua.

Sasa lile linalobeba filamu nzima. Usiku wa pili Neema anasikia sauti ya mwanamke kutoka kisimani: "Ndoo." Yeye ni wa bara, anaelewa mtu anataka ndoo ya kutekea. Asubuhi anaweka ndoo ukingoni mwa kisima. Usiku wa tatu tena: "Ndoo." Ndoo iko pale, na sauti haijanyamaza. Dakika ya 16 ndipo anamwuliza Mzee Shee ni nani anayeomba ndoo usiku. Mzee anaacha kufungua kamba ya mtumbwi. "Ndoo ni njoo, mwanangu. Sie wa huku hatusemi njoo." Mtazamaji wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, atakuwa ameshaelewa tangu dakika ya saba, na atakaa na siri hiyo dakika tisa akitamani kumwonya. Wa Nairobi atashtuka pamoja na Neema. Hofu ya namna hii haigharimu shilingi. Itafute katika lugha ya mahali penu kabla hujatafuta vipodozi vya damu.

Kwa urefu wa mswada, kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja haikufai. Ukurasa wenye mistari minane (anaamka, anasikiliza, anakwenda mlangoni, hafungui) unakula dakika mbili na nusu. Kwa dakika 25 andika kurasa 13 hadi 15. Ukifika 20, umejaza maneno mahali pa kimya.

Nyumba

Nyumba ya mawe ya Kiswahili imejengwa kama inasubiri filamu hii. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoweka kikomo cha upana wa chumba: mara nyingi haufiki mita tatu. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndani mwanga unapungua. Weka kamera barazani, fungua milango yote iliyonyooka, na utapata giza la ngazi nne bila kuwasha taa. Lenzi ya 35 mm ndiyo ya kawaida humo. 24 mm uitumie kwa uchache, kwa kuwa inapinda kuta na mtazamaji anaanza kutazama lenzi badala ya nyumba.

Magofu yanavutia, hasa Jumba la Mtwana kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, mji wa karne ya 14, au Gede kule upande wa Watamu. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kibali ni lazima, na usitarajie kuruhusiwa kupigilia msumari wala kuwasha chemli. Yafae kwa shoti mbili za mchana tu. Nyumba ya kuishi mhusika ikodi kwa mtu binafsi, kwa mkataba wa maandishi unaotaja siku, vyumba, kisima na nani analipa kikivunjika kitu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, iache. Si mandhari, ni mahali pa ibada, na filamu yako haihitaji.

Kabla ya kulipa arbuni, itembelee nyumba mara tatu: adhuhuri, magharibi, na saa tisa usiku. Ziara ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayosema ukweli. Muziki wa vilabu vya Mtwapa husafiri juu ya maji kama hakuna kitu katikati. Mahali palipoonekana pametengwa mchana huenda Jumamosi usiku pakawa ukumbi wa dansi. Hesabu pia adhana zinazosikika na zinatoka upande gani. Usipange mazungumzo kwenye dakika hizo, ila zirekodi: adhana ya alfajiri ikisikika kwa mbali mwishoni mwa usiku mbaya ni pumzi kubwa kwa mtazamaji, na ukimpa pumzi mara mbili kisha mara ya tatu ukamnyima, atajua kuna jambo.

Vibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga. Droni ina kibali chake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa maoni yetu filamu hii haina haja ya droni. Ukimwinua mtazamaji juu ya minazi umemwonyesha barabara ilipo. Baada ya makaratasi, nenda kwa chifu na mzee wa mtaa mwenyewe, kwa miguu, na ueleze kwamba usiku wa manane kutasikika mwanamke akiita. Usipoeleza utawaona vijana wamefika na marungu.

Maji na mwezi

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika, kwa hiyo polepole. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katikati ni maji mafu, ambayo hayafuniki njia yoyote.

Jambo la kukumbuka kwa Mombasa: kwenye kilele cha bamvua maji hujaa karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ukipanga shoti ya maji yakifunika njia wakati wa magharibi katika siku yenyewe ya kilele, utakuta yameshaanza kuondoka. Subiri siku mbili tatu. Kwa kuchelewa kule kwa dakika 50, kujaa kutakuwa kumesogea hadi jioni, na bado maji ni mengi. Jedwali la maji la Kilindini ndilo mwamuzi. Ndani ya hori ongeza kuchelewa kidogo, na siku ya ukaguzi chomeka kijiti cha alama ili ujue ni dakika ngapi.

Sasa chagua bamvua gani. La mwezi mwandamo lina anga nyeusi: mwezi mwembamba unazama mapema, na giza la kisima ni giza kweli. La mwezi mpevu, siku mbili tatu baadaye, mwezi unachomoza baada ya saa mbili usiku, mwekundu, nyuma ya mikoko. Kwa kisa cha Neema tungechagua mwandamo, tukaiba usiku mmoja tu wa mwezi mpevu wiki mbili baadaye kwa ajili ya shoti za nje.

Miezi: masika ya Aprili na Mei achana nayo. Kusi ya Juni hadi Agosti inavuma kwenye maiki mchana kutwa. Mwisho wa Septemba au Februari ni bora, ingawa Februari joto la ndani ya nyumba litawaudhi waigizaji, na jasho usoni pa Neema lazima lifanane kutoka shoti hadi shoti.

Fremu mama

Mtu haogopi mabadiliko ya mahali asipopajua. Kwa hiyo chagua fremu moja na uifundishe. Yetu: kamera barazani, lenzi 35 mm, kimo sentimita 110, inatazama kupitia mlango hadi kisimani, mita kumi. Itaonekana mara tano. Dakika ya 2, hakuna kitu, sekunde 8. Dakika ya 7, ndoo iko ukingoni, sekunde 8. Dakika ya 12, ndoo imefika nje ya kizingiti na sakafu hapo imelowa, sekunde 11. Dakika ya 17, ndoo haipo, sekunde 15, na hapo mtazamaji huanza kuitafuta gizani peke yake. Dakika ya 21, mwanamke amesimama kisimani.

Kinachoharibika: mara ya pili kamera imewekwa pembeni kwa upana wa kiganja, na jicho linaona kamera imehama badala ya kuona ndoo imehama. Pigilia misumari mitatu mifupi palipokaa miguu ya stendi. Andika kimo, lenzi, tundu la lenzi (upana wa kupitisha mwanga) na umbali wa fokasi kwenye daftari. Piga picha ya pete ya fokasi kwa simu. Funga mlango na uufungue hadi kwenye alama ya chaki, si kwa kukisia.

Mwanamke wa dakika ya 21 hana barakoa wala macho meupe. Buibui jeusi gizani halionekani, kwa hiyo mvike leso iliyolowa, rangi ya kupauka, imgande. Asitingishike. Fokasi ibaki kwa Neema aliye mita mbili kutoka kwenye kamera. Kwa lenzi ya 35 mm na tundu la f/2, eneo lililo kali ni kama sentimita 40 tu, na aliye mita kumi atakuwa umbo bila uso. Sekunde nne, hakuna muziki, na usikate ukaenda karibu naye. Kila mwongozaji hutamani kukata hapo. Mtazamaji akishaona uso, kisa kimekwisha. Kilichobaki ni mwigizaji aliyeloa.

Leso yenyewe ina kazi. Chagua yenye jina hili: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Dakika ya 3 iko kambani, imekunjika, na mkunjo unaacha maneno mawili tu ya kwanza yaonekane nyuma ya bega la Neema. Asiyatazame. Dakika ya 21 imefunguka. Atakayesoma atasoma, huo ni msemo wa kukaribisha, kila mtu anaujua, na hapo ndipo utamganda mgongoni. Nunua doti mbili zinazofanana, moja ya kulowesha na moja ya akiba, na uzifue mara tatu kabla ya kupiga, kwa kuwa leso mpya hung'aa na hukakamaa.

Mwanga

Umeme wa Kenya ni hetzi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60 taa za nyumbani zitapiga mawimbi kwenye picha. ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, iwe 1600 hadi 3200, tundu f/2 hadi f/2.8. Jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi wa mwaka, na baada ya kuzama una dakika ishirini za samawati, si zaidi; giza la huku halibembelezi. Waigizaji wawe mahali pao saa kumi na mbili kamili. Anza na shoti pana, kwa sababu anga huwezi kuiwasha tena. Uso wa karibu utaupiga saa tatu usiku kwa taa ndogo na hakuna atakayejua.

Chemli ni rafiki mwongo. Ukiipimia uso wa mwigizaji, kioo cha chemli kinakuwa doa jeupe. Ukiipimia chemli, mwigizaji anapotea. Punguza utambi mpaka mwali uwe mdogo kama ukucha, kisha funga balbu ndogo ya LED ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) nyuma ya chemli, upande usioonekana na kamera, uiunganishe na betri iliyofichwa kwenye mkono wa kanzu au chini ya leso. Balbu ndiyo inayomulika uso. Mwali ni wa kuonekana tu. Karabai usiitumie kabisa: inavuma, na mtu wa sauti ataacha kazi.

Kwa mbalamwezi, taa ya kelvini 5600 nje ya dirisha, ikirudishwa kutoka kwenye shuka jeupe, na kamera uiweke kelvini 4000. Ukiishusha hadi 3200 usiku unageuka buluu ya tangazo la sabuni. Kuta zilizopakwa chokaa zitarudisha mwanga kila pembe na kukuulia giza. Zizuie kwa kaniki iliyotundikwa kwa vibanio nje ya fremu. Mita kumi za kaniki zinafanya kazi ya vifaa vya kukodi vya bei mbaya.

Giza lisiwe tupu. Kila shoti ya usiku iwe na ukingo mmoja unaoonekana: mdomo wa kisima, kitasa, zidaka. Pima kwa simu ya kawaida, mwangaza nusu, chumba kikiwa na taa, maana watu wengi watatazamia hapo. Ukiona weusi mtupu kwa sekunde sita, umepoteza sekunde sita.

Moshi: weka makumbi kwenye debe nje, upande upepo unakotoka, dakika kumi kabla. Unapata ukungu mwepesi unaoshika mwanga, na mbu wanahama. Mwenye pumu akae mbali. Usiache moshi uongezeke kati ya teki, la sivyo mhariri ataona ukungu ukija na kuondoka kama pazia.

Sauti

Pesa zikibaki kidogo, ziende huku. Rekodi hetzi 48,000, biti 24, kilele cha maneno kikae karibu desibeli 12 chini ya kikomo. Kila chumba kirekodiwe kimya chake kwa dakika nzima, watu wote wakiwa wamesimama tuli, na urudie maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Hazifanani. Maji yakipwa, tope la mikoko hutoa mipasuko midogo isiyokwisha, ya kaa na kamba. Yakijaa, mipasuko inanyamaza na unabaki na minazi. Mhariri anayejua hilo anaweza kumwambia mtazamaji njia imefungika bila kumwonyesha tone la maji.

Zima friji, panga boi na pampu, na uweke funguo za gari ndani ya friji ili mtu asisahau kuiwasha kabla ya kuondoka. Jenereta ikae mita 60, upande upepo unakokwenda, nyuma ya ukuta. Waya uwe wa milimita mraba 2.5, mwembamba zaidi kwa umbali huo utapoteza volti na taa zitafifia. Ufungue wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa kuwa waya uliozungushwa hupata moto.

Sauti ya "ndoo" usiitengeneze kwa programu. Mwigizaji asimame kando ya kisima, ainame kidogo, aseme kuelekea chini kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wa jirani, si kwa kuvuta wala kwa kutisha. Maiki itundikwe mita moja ndani ya mdomo wa kisima, kwa kamba mbili. Rekodi mara ishirini. Kama kisima hakifai, mtungi mkubwa unatoa mwangwi wa karibu. Katika kuchanganya, mara ya kwanza iwe chini ya nyenje, kiasi kwamba nusu ya watazamaji hawana hakika. Kila inaporudi ipande kidogo, na mwangwi wa kisima upungue, mpaka mara ya mwisho haina mwangwi kabisa. Maana yake imo chumbani. Hakuna atakayekueleza kwa nini alikunja miguu, lakini ataikunja.

Kisha komba. Kilio chake usiku ni kama mtoto mchanga, na kila mtu wa Pwani anakijua. Kitumie dakika ya 9: Neema anaruka, Mzee Shee anacheka, "Komba huyo." Sasa umempa mtazamaji maelezo, ametulia. Dakika ya 18, saa saba mchana, jua kali, Neema anaanika nguo, na kilio kilekile kinasikika. Komba hulala mchana. Asiseme mtu yeyote neno.

Nyenje kunyamaza ghafla ni hila nzuri iliyotumika sana. Itumie mara moja. Muziki uwe mchache, pengine udi peke yake, nyuzi mbili tatu, uliopigiwa filamu yako. Taarabu ya redioni ina wenyewe, na haki zake hulipiwa hata ikisikika kwa sekunde nne.

Mambo ya kukuua kabla ya mzuka

Nazi. Usiweke stendi, kiti wala mtu chini ya mnazi usioangushwa nazi; mlipe mkwezi siku ya kwanza. Kisima kifunikwe kwa wavu wa chuma na mbao wakati wote ambapo hakipigwi, na asiteremke mtu ndani kwa shoti yoyote. Chini ya paa la makuti hakuna mwali wa moto, hata mshumaa. Humo tumia balbu peke yake, na ndoo mbili za mchanga ziwe mlangoni. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi ya kuokolea, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ashike saa na jedwali la maji, awe na amri ya kuwatoa watu hata mwongozaji akilia.

Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa nje hupata ukungu kwenye lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 40 izoee joto. Jioni pangusa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na begi liwe na pakiti za silika. Kadi hainakiliwi mara moja: nakala mbili, diski mbili, watu wawili tofauti, na mmoja wao alale ng'ambo ya hori.

Kwenye meza ya kuhariri

Polepole si tupu. Shoti ndefu inastahili urefu wake ikiwa kuna kitu ambacho jicho linakitafuta; kama hakuna, ni shoti iliyosahaulika. Njia moja ya kupima: kata, kisha ongeza sekunde mbili. Ikiwa katika sekunde hizo unaanza kutazama mlango ulio nyuma, ziache. Ukianza kutazama saa, ziondoe.

Waonyeshe watu watano wasiojua kisa, kisha usiwaulize kama waliogopa, maana watasema ndiyo kwa adabu. Waulize: ukitoka mlango wa jikoni, kisima kiko mkono gani? Watatu wakikosa, hujaifundisha nyumba, na dakika ya 21 haitafanya kazi hata ukiongeza ngoma. Rudi kwenye dakika tano za mwanzo utafute mahali Neema anapotoka jikoni kwenda kuteka maji. Kama umelikata tembezi hilo kwa sababu lilionekana refu, lirudishe zima.

Filamu iliyokamilika, kabla ya kuonyeshwa hadharani, hupelekwa Bodi ya Kuainisha Filamu ipewe daraja la umri: GE (ya watu wote), PG (watoto waongozwe na wazazi), 16 au 18. Kwa intaneti, changanya sauti hadi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha isikilize kwa spika ya simu. Ikiwa "ndoo" ya kwanza haisikiki kabisa humo, ipandishe kidogo kwa nakala ya mtandaoni tu. Ya ukumbini iache ilivyo.

Misumari mitatu ya barazani usiing'oe siku ya kufunga kambi. Mwombe mwenye nyumba ikae mpaka mkato wa kwanza uwe tayari. Katika fremu tano za mlangoni, kwa kawaida moja ina kosa ambalo halikuonekana usiku: kivuli cha mtu wa sauti, au ndoo iliyogeuzwa mpini upande mwingine. Itabidi urudi, jioni moja, na maji yakiwa palepale yalipokuwa.